Kadi ya Baba Mdogo

Walisema sitaweza. Baba mdogo, anayeishi Kimbiji, alisema nikienda Sauzi nitarudi na begi la kuazima. Nilirudi na mabegi yangu mwenyewe, na ndani ya moja kulikuwa na diploma ya kompyuta niliyoisomea jioni, baada ya kuosha magari ya watu mchana kutwa. Nilipokodi fremu Temeke ili nifungue steshenari, mama mwenye nyumba alisema watu wa kompyuta anawajua, wanaanza kwa kuazima kiti na kumaliza kwa kuazima kodi. Kinyozi wa fremu ya jirani alisubiri nimalize kupaka rangi ukuta ndipo akauliza, "Braza, hiyo diploma umeme ukikatika inafanyaje kazi?"

Niliwajibu wote kwa kibao kimoja. Nilikitengeneza mwenyewe, nikakichapa kwa rangi, nikakibandika juu ya kaunta: HAPA HATUAZIMI WALA HATUAZIMISHI. Diploma niliitundika chini yake, ndani ya fremu ya kioo. Tangu siku hiyo sikugonga mlango wa mtu kuomba hata kalamu, na kila aliyekaa dukani kwangu kuzidi muda wa kutoa kopi alilisikia jambo hilo kutoka kwangu mwenyewe. Sioni haya kulisema. Mtu aliyejijenga mwenyewe akinyamaza, nani atamsimulia?

Ndipo baba mdogo alipoamua kumwozesha binti yake wa mwisho, ikaundwa kamati. Yeye alikuwa mwenyekiti. Mimi nilichaguliwa katibu kwa kauli moja, baada ya mimi kujipendekeza kwa kauli hiyo hiyo. Shangazi yangu wa Mbweni, dada mkubwa wa baba mdogo, karani mstaafu ambaye hadi leo huandika tarehe juu ya orodha ya sokoni, alikabidhiwa michango yote ya upande wa akina mama. Michango hiyo ndiyo iliyokuwa ya chakula. Baba mdogo alilisema wazi kikaoni: wageni watakula kwa mkono wa dada yangu, na mkono huo ukiyumba, tutawapa wageni maji na nasaha.

Kadi ya mchango niliisanifu mimi. Kadi zetu zinajulikana: picha ya maharusi juu, maneno ya heshima katikati, na chini majina ya mwenyekiti, katibu na mwekahazina pamoja na namba zao, ili asiwepo wa kusema hakujua amtumie nani. Wenzangu niliwawekea namba ya simu tu. Mimi nilijiwekea namba, barua pepe, na mbele ya jina langu, ndani ya mabano, herufi tatu: Dip.

Baba mdogo aliiangalia kadi kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Hii Dip ni ya nini?"

"Diploma, baba."

"Inamwoa nani?"

"Haimwoi mtu. Inaleta heshima."

"Haya. Ilete."

Ikaleta. Kadi ilipigwa picha, ikatoka kundi la familia ikaingia kundi la mtaa, ikatoka la mtaa ikaingia makundi ya watu ambao hadi leo sijui tunahusiana nao vipi. Nilifurahi kuona inavyosafiri. Ilisafiri na jina la mwenyekiti, barua pepe ya katibu, na taarifa kwamba katibu ni msomi.

Katika kila kikao nilikuwa natenga muda wa kuwafundisha wanakamati kuhusu matapeli. Hakuna aliyeniomba. Niliwaambia wasiamini namba wasiyoijua. Niliwaambia siku hizi hata sauti ya mtu inaigwa na mashine. Niliwaambia mtu akitaja pesa na haraka katika sentensi moja, kata simu, usibishane naye, usimuulize hata maswali. Baba mdogo alikuwa anasinzia. Shangazi alikuwa anaandika.

Barua pepe yenyewe iliingia asubuhi, nikiwa nafungua duka. Mtumaji alikuwa baba mdogo, jina lake kamili, kama lilivyoandikwa kwenye kadi. Ilisema: "Katibu, nimerekebisha kadi, angalia kiambatanisho kabla ya kikao."

Baba mdogo hajawahi kuwa na barua pepe. Simu yake anaifungia kwenye mfuko wa nailoni isiingie chumvi, na ujumbe mfupi, kwa ajili ya macho yake, anasomewa na jirani. Mtu mwingine yeyote angeshtuka palepale. Mimi nilifurahi. Kwa miaka nilikuwa nimemhubiria kuhusu dunia ya leo, na hatimaye, nilidhani, mahubiri yamemwingia. Nilijiona nimeibadilisha Kimbiji nikiwa nimekaa Temeke.

Nilipobonyeza kiambatanisho, kompyuta ilinionya kwamba faili limetoka kwa mtu isiyemjua. Nilicheka. Kompyuta haimjui baba mdogo, mimi namjua. Kikaja kisanduku kinaomba ruhusa ili kadi ifunguke. Nikaruhusu. Kioo kikawa cheusi kwa kiasi cha kupepesa jicho, kikarudi kama kilivyokuwa, na kadi haikuonekana. Nikasema mtandao umeshaanza mambo yake. Nikamjibu mtumaji kwa upole: "Hongera sana baba kwa kuingia katika dunia ya leo. Kadi haijafunguka, tutaiona kikaoni." Kisha nikaendelea kutoa kopi za vyeti vya watu.

Mchana, baada ya chakula, baba mdogo alipiga simu kuulizia mahema na viti. Nilimjibu yote vizuri, na mwisho nikaongeza, "Na hongera kwa imeli, baba."

"Imeli gani?"

"Uliyonitumia asubuhi. Ya kadi."

"Mie asubuhi nilikuwa natengeneza banda la kuku. Umekula lakini?"

"Nimekula, baba. Basi, ni mtandao tu."

Nikakata simu. Nitasema hili kwa ajili ya diploma yangu: kuanzia hapo mikono ilijua la kufanya hata kabla ya kichwa kukubali. Sikugusa kitu kingine kwenye kompyuta ile. Nilichomoa waya wa mtandao nyuma yake, nikazima na waifai ya duka zima, ili kilichoingia kisiweze kuzungumza na waliokituma. Simu yangu ilikuwa imelala ubavuni mwa kompyuta hiyo hiyo, inachajiwa kwa waya wake. Nikaizima nayo. Hayo yote yalikuwa sahihi na ningeyafundisha mahali popote. Nilipomaliza, nilijikuta nimesimama katikati ya duka la teknolojia nikiwa siwezi kutuma hata salamu.

Muziki wa saluni ukafa. Kinyozi nilikuwa namuuzia waifai, sikuwa nimemwazima. Akatokeza mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi.

"Braza, umetuzimia?"

"Kuna dharura. Kile kiswaswadu chako cha akiba kipo?"

"Kipo. Unataka kukinunua?"

Kiswaswadu ni simu ya vitufe isiyojua mtandao, na ndiyo sababu niliitaka. Ningeweka laini yangu humo nikawa na simu isiyoweza kuingiliwa na chochote isipokuwa vumbi.

"Nataka uniazime."

Akainua macho taratibu hadi juu ya kaunta. "Kibao kinasemaje?"

"Nisaidie kwanza."

"Kisome."

"Hapa hatuazimi."

"Malizia, braza."

"Wala hatuazimishi."

"Basi njoo uchukue. Saluni haina kibao."

Alinipa na bando la simu yake kubwa, bila kuombwa. Iliyobaki ilikuwa kompyuta safi. Kubadilisha neno la siri kwenye mashine iliyoambukizwa ni kumpa mwizi ufunguo mpya pamoja na ule wa zamani. Na kompyuta safi niliyoijua karibu ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Binti yake alimletea kutoka ughaibuni, naye akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Tangu itoke kwenye boksi ilikuwa imewashwa mara moja tu, kuona kama inawaka. Temeke nzima hapakuwa na mashine safi kama ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kodi siku zake bado, umefuata nini?"

"Nakuomba uniazime ile laptop yako. Leo tu."

Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Kiti unacho?"

"Ninacho, mama."

"Maana mie nilisema mtaanzia kwenye kiti." Akanyanyuka, akaitoa, akanikabidhi ikiwa na nguo yake. "Na kitambaa changu kirudi. Kisije kikawa cha kufutia wino."

Laptop niliifungulia mle saluni, kwa bando la kinyozi, karibu na mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa na kuachwa hivyo. Niliingia kwenye barua pepe yangu, nikabadilisha neno la siri, nikaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia humo, kikiwemo kimoja kilichodai kipo mji nisioweza kuutamka. Nikaweka ule uthibitisho wa hatua mbili, unaotaka namba ya ziada kutoka kwenye simu. Wateja wangu wote nilishawawekea. Mimi sikujiwekea kwa sababu mimi nilikuwa najua.

Kisha nikaenda mahali ambapo wengi hawaendi, kwenye mipangilio. Hapo nilikuta mtu amepanga kwamba barua yoyote yenye neno "mchango" iende moja kwa moja kwenye takataka, na nakala yake itumwe kwenye anwani ya ajabu. Nikaifuta anwani, nikafungua takataka.

Kulikuwa na barua yenye kichwa "Mchango" niliyoituma mimi kwa kamati yote, ambayo sikuituma. Imeandikwa vizuri. Lazima nikiri walisoma barua zangu za zamani wakaiga hata mikato yangu. Ilisema michango yote itumwe kwenye namba mpya leo hii, kwa sababu mwenye mahema anataka malipo. Ilisema namba ya zamani ya katibu imeibwa na matapeli, ikipiga msipokee. Na ikamalizia: "Kumbukeni niliyowafundisha kikaoni."

Chini yake lilikuwepo jibu la shangazi. "Nimeipata, mwanangu. Nakamilisha ya akina mama, nitatuma yote nikimaliza kuswali alasiri."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita.

Nilipiga kwa laini yangu, kwenye kiswaswadu. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa haraka zaidi. Nikamwomba kinyozi simu yake mwenyewe. Shangazi akapokea.

"Shikamoo shangazi, ni mimi katibu. Usitume..."

"Nilijua mtapiga."

"Shangazi, ni mimi."

"Sauti mnaiga siku hizi. Mwanangu mwenyewe alitufundisha."

"Mwanao ndiye mimi. Niulize chochote."

"Katukataza kuuliza maswali," akasema, na akakata, kama nilivyomfundisha. Katika wanafunzi wangu wote ndiye pekee aliyekuwa ameelewa.

Mteja mwenye nusu kichwa aligeuka kwenye kiti. "Shangazi yako yuko vizuri."

"Kafundishwa na braza huyu," kinyozi akamwambia. "Ana diploma."

Kutoka Temeke hadi Mbweni mchana ule ni kuvuka jiji zima, na hata ningefika, mkono wa shangazi ungekuwa umeshabonyeza. Nilianza kuandika kwenye kundi la familia, kwa simu ya kinyozi ambaye kwa bahati alishaingizwa humo kwa ajili ya mchango: "Barua pepe za kamati zina hitilafu ya mtandao, msizifuate kwa sasa." Nikaisoma. Ilikuwa sentensi nzuri, isiyo na mtu ndani yake. Nikaona pia kwamba asingeiamini mtu, kwa sababu imetoka kwa kinyozi na imeandikwa kama tangazo la umeme. Nikaifuta. Nikampigia baba mdogo.

"Baba, ile imeli."

"Enhe. Ile yangu."

"Haikuwa yako."

"Najua haikuwa yangu. Wewe ndiye ulikuwa hujui. Imefanyaje?"

"Kuna watu wameingia kwenye barua pepe ya kamati. Mpigie shangazi, mwambie asitume..."

"Subiri. Wameingia wenyewe?"

Kinyozi alikuwa amezima mashine. Mteja alikuwa ameinamisha ule upande wake ulionyolewa apate kusikia.

"Nimewafungulia."

"Umewafungulia vipi?"

"Nimefungua kadi."

"Kadi ya nani?"

"Yako, baba."

"Mie nina kadi gani?"

"Huna, baba. Nilidhani umejiunga na imeli kwa sababu yangu."

Nyuma yake niliwasikia kuku wa Kimbiji. Kisha akasema, "Nimekuelewa. Kaa hapo," akakata.

Nilikaa. Nilikaa kwenye benchi la saluni na laptop yenye kitambaa cha kudarizi mapajani, nikihesabu wageni watakaopewa maji na nasaha. Kinyozi alirudi kwenye kichwa cha mteja, akanyoa taratibu, bila muziki. Hakunitania. Ningependelea anitanie.

Baba mdogo alipopiga tena sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hajatuma."

"Amekuamini?"

"Kwanza alinitukana. Akaniambia na mie naigwa. Nikamwita jina alilokuwa anaitwa na marehemu mama tukiwa wadogo. Hilo hata mumewe hakuwahi kulijua."

Jina hilo mimi silijui hadi leo, na sitaliuliza. Lakini nimelifikiria sana. Nilikuwa nimepanga hatua mbili kwa namba na mitambo. Wale ndugu walikuwa na hatua yao tangu utotoni, na haijaandikwa popote.

"Sasa waambie wengine," baba mdogo akaendelea. "Na uwaambie ulivyoniambia mie. Usiwawekee mtandao."

Nikawaambia. Niliandika kwenye kundi kwamba mimi katibu nimefungua kiambatanisho cha matapeli asubuhi, kwamba barua ya namba mpya si yangu, na kwamba aliyetuma chochote apige haraka kwa kampuni yake ya simu kuzuia muamala. Shangazi, ambaye sasa alikuwa ananiamini, akaandika chini yake tarehe na neno "Imepokelewa". Hakuna mwingine aliyekuwa ametuma. Wengi hawakuwa wameifungua barua yenyewe. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hawasomi ninachoandika.

Iliyobaki ilikuwa kazi, na kazi naiweza. Niliwapigia benki na kampuni ya simu, wakafunga nilichohitaji kifungwe. Nikatoa taarifa polisi, nikiwa na nakala ya barua na ile namba. Kompyuta ya dukani sikuihurumia: niliifuta yote, nikaiwekea mfumo upya kuanzia mwanzo, kwa sababu mashine iliyokwisha kumkaribisha mgeni wa namna ile huwezi kujua kama ameondoka au amejificha chini ya kitanda. Kazi za wateja nilizirudisha kutoka kwenye diski ya akiba, ambayo ilisalimika kwa kuwa kwa muda mrefu nilikuwa mvivu wa kuichomeka. Uvivu huo sikuutaja kwa mtu. Nilisema ni utaratibu. Maneno ya siri niliyabadilisha yote, moja baada ya jingine, kwenye laptop ya mama mwenye nyumba, ambayo ile "leo tu" yangu iliibakiza kwangu hadi harusi ikapita.

Kadi nayo niliitoa upya, bila barua pepe. Dip niliiacha. Nimeisomea.

Harusi ilikuwa nzuri na watu walikula. Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko na kalamu sikioni, na kila mgeni aliyekuja kunisalimu aliniuliza kama salamu hiyo ina kiambatanisho.

Siku iliyofuata niliamua kulipa. Nilianza na kinyozi: nikamrudishia kiswaswadu kikiwa na chaji, na waifai nikampa bure mwezi mzima. Alitaka jambo moja zaidi. Alitaka kile kibao. Nilikibandua, akakiweka saluni kwake juu ya kioo, na bado kipo huko, kinachekesha wateja. Mama mwenye nyumba nilimrudishia laptop, na kitambaa kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Kabla ya kuifunika nilimuunganisha na binti yake, wakaonana usoni. Walipomaliza nikashika kitambaa. "Usiifunike," akaniambia. "Kitambaa weka chini yake."

Kisha nikaenda Kimbiji.

Baba mdogo alikuwa kwenye banda lake la kuku. Nilimletea kitenge cha mke wake na sukari, akavipokea, akavitia ndani, akarudi.

"Hivyo vya mama yako. Changu kiko wapi? Nilikuazima sauti yangu."

"Sema unachotaka, baba."

"Nataka imeli. Watu wanatumia imeli yangu na mwenyewe sina."

Nikakaa naye kwenye mkeka, nikaitoa simu yake kwenye nailoni, nikamfungulia akaunti. Nilimweleza kwamba neno la siri liwe refu, lisiwe jina la binti yake wala tarehe ya harusi, na asimwambie mtu yeyote, hata jirani anayemsomea ujumbe, hata mtu wa ofisini atakayemwomba kwa upole. Safari hii hakusinzia. Aliniuliza kama lile jina la dada yake litafaa. Nikamwambia hapana, hilo aliache lilipo.

Ilipofika mahali pa kuandika, akaivuta simu kifuani, akaikinga kwa kiganja, akanitazama.

"Geukia kule."

Mdeni hachagui, na mwalimu hana cha kulalamika. Niligeuka, nikawatazama kuku wake mpaka aliponiruhusu, na huyo alikuwa wa mwisho kulipwa. Sikubaki na deni la mtu.